Msimu Niliokataa Tende

Ibra, Ijumaa, 1 Juni 2001

Daftari hili nililibakisha siku niliyostaafu ualimu, nikasema ipo siku litanifaa. Siku yenyewe leo, maana lililonifika jana siwezi kumwambia mtu, na nisipolitoa mahali litanipasua.

Jana tulikwenda Nizwa kumposea Yazeed. Mwanangu wa pekee, ana miaka ishirini na saba, anafanya kazi Sur, na mwaka mzima huu jina linalomtoka mdomoni ni moja tu, Buthaina. Binti kalelewa na bibi yake, Bi Kuruthum, kwa sababu mama yake alifariki yeye angali mchanga. Watu wa Unguja kama sisi, na Kiswahili chao cha Mjini hasa. Huyo Bi Kuruthum ndiye mwenye neno. Wanaume wa nyumba ile, mwenye ndevu na mwenye cheo, wakiulizwa kitu humtazama yeye kwanza.

Tukawekewa viti vya plastiki uani. Aflah, mume wangu, alikuwa majlisi, sebule ya wageni, na wanaume wenzake, na mama yake, Bi Ghaniya, kaenda kutawadha. Nikakaa. Kiti kikalia kwaa! Nikajikuta chini, miguu juu, kahawa yote kifuani. Hakucheka mtu, na hilo ndilo lililoniua. Bi Kuruthum akamwambia binti yake, mama mdogo wa Buthaina, taratibu kabisa, "Mletee mgeni mkeka."

Mkeka, kana kwamba hakuna kiti kinachoweza kunibeba! Mimi, niliyewafundisha hesabu nusu ya wasichana wa Ibra!

Jibu la posa hakutoa. Alisema, "Mavuno yakisha nitakuja mwenyewe kwenu, nikae, nile, niione nyumba. Mtoto huyu hana mama. Simtii mahali nisipopajua." Yazeed njia nzima ya kurudi kaegemeza kichwa dirishani, na mimi nikawa namtazama kwenye kioo cha gari, roho inaniuma. Basi Bi Kuruthum akija, hatamkuta mwanamke wa kuletewa mkeka. Naapa.

Jumapili, 3 Juni

Wifi yangu Fakhriya kaja kutoka Maskati. Yeye mwembamba, anakwenda kwenye klabu ya mazoezi, huvaa viatu vyeupe na abaya. Nimemwambia habari ya kiti, peke yake, na nimemwapisha asimwambie Aflah wala Mama.

Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akatoa karatasi mkobani. Imepigwa chapa kwa Kiingereza. Kapewa na mwalimu wake wa mazoezi, aliyeitoa kwenye gazeti, na gazeti sijui lilitoa wapi. Juu imeandikwa "Vinavyoua Polepole", halafu orodha: wali, mkate, viazi, muhogo, ndizi, nazi, mayai hasa kiini, maziwa, samli, njugu. Mwisho kabisa, tende.

"Tende, Fakhriya? Tunaishi Ibra!"

"Sukari tupu hiyo, wifi."

"Mbona bibi zetu walikula vyote hivi wakafika miaka themanini?"

"Wangefika mia."

Nimetoa na kujumlisha, miaka ishirini nimefanya kazi hiyo, na nilichobakiwa nacho ni tango, kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, na pumzi.

Nimeibandika karatasi kwenye mlango wa friji. Bi Ghaniya kapita, kaiangalia. Kiarabu anasoma, Kiingereza hakijui. "Ya hospitali hii?" kaniuliza. Nikamjibu, "Ndiyo, Mama," ili asinihoji zaidi. Kasimama hapo kwenye friji kitambo, kisha kaenda zake chumbani.

Jumatatu, 4 Juni

Tango.

Jumanne, 5 Juni

Tango. Na kuku anayeonekana kama kaogeshwa tu.

Jumatano, 6 Juni

Leo soko letu la wanawake. Jirani yangu Mabruka huuza mayai na vitumbua pale, na kila Jumatano trei yangu huiweka pembeni kabla sijafika. Leo nikaipita. Kaniita mbio.

"Mahfoudha! Mayai yako haya!"

"Siku hizi situmii."

"Hutumii mayai? Kitumbua basi, bado cha moto."

"Kitumbua ndiyo kabisa."

Mabruka akashika kiuno. "Una nini weye?"

"Sina kitu, na usiniulize!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Muuza ndimu na muuza mabuibui wakageuka wote wawili.

Njia nzima nimekuja na harufu ya vitumbua puani. Iliki ile, yarabi.

Jumamosi, 9 Juni

Nimegombana na Aflah. Nimeamua nyumba nzima tufuate karatasi, kwa sababu nikiwapikia wao wali wa nazi mimi nitaingia sufuriani mwenyewe. Kafika kutoka kazini, kafunua kawa.

"Nini hii?"

"Shayiri ya kuchemsha."

"Na punda mwenyewe yuko wapi?"

Katoka, kafunga mlango kwa kishindo, karudi magharibi ananuka sambusa.

La ajabu ni Bi Ghaniya. Miaka ishirini na nane nimeishi na mama mkwe huyu, na sijapata kupika kitu asikikosoe. Chumvi, moto, ukubwa wa kitunguu, hata namna ninavyoshika mwiko. Leo kala shayiri yote, kalamba vidole, kasema, "Ahsante mwanangu, Mungu akupe nguvu." Nikageuka kutazama kama kuna mtu mwingine nyuma yangu.

Ijumaa, 15 Juni

Kilo mbili na nusu zimeshuka! Nimepanda mizani mara tatu kuhakikisha.

Baada ya sala ya Ijumaa Aflah kaleta kutoka shambani tende za mwanzo za mwaka, naghali, zimeiva nusu, nusu bado njano. Kwetu tende ya mwanzo haikataliwi. Baba hupitisha sahani, kila mtu huchukua, huombwa dua, basi. Sahani ikanifikia, nikasema, "Mimi siwezi."

Aflah akaishika sahani ile mkononi, hajui aiweke wapi. Bi Ghaniya kanitazama muda mrefu, na macho yake yalikuwa na maji. Ilipomfika yeye kasema, "Na mie niacheni. Meno yananiuma." Aflah kala peke yake kama adhabu.

Alhamisi, 21 Juni

Wamekuja wanawake watatu wa mtaani kunywa kahawa, Mabruka mmojawapo. Nikatoa birika, nikatoa vikombe, na mahali pa tende nikaweka vijiti vya tango na karoti. Nilivipanga vizuri sana, kwa duara.

Mabruka akashika kijiti cha karoti kwa mkono mmoja na kikombe cha kahawa kwa mwingine, akavitazama kimoja baada ya kingine. Nimeishi mji huu tangu mwaka sabini na tano na sijaona kahawa ikinywewa haraka vile. Walipoondoka, Mabruka akanibana mkono mlangoni. "Ma tshufi sharr, dada yangu," kaniambia. Maneno hayo huambiwa mgonjwa, asione baya. Nikadhani kachanganyikiwa kwa jua.

Jumatatu, 25 Juni

Sijui watu wameingiwa na nini. Tangu jana naletewa vyakula. Bokoboko la Mabruka, supu ya mbuzi kutoka nyumba ya pili, mkate wa kumimina kutoka mtaa wa chini, mkate wenyewe nazi tupu. Kila anayeleta huingia, hukaa kidogo, husoma dua, huniangalia, hutoka anapangusa macho. Naona wamesikia habari ya posa, wamekuja kuchunguza.

Mimi sigusi. Anakula Aflah. Nimempandisha mizani: kilo mbili na nusu zaidi. Kwa hesabu, nyumba hii bado haijapungua kitu.

Jumapili, 1 Julai

Upepo wa gharbi. Ukifungua mlango ni kama kufungua tanuri la mkate. Tango.

Jumatatu, 2 Julai

Leo limetokea jambo.

Nilikuwa nimelala mchana, Bi Ghaniya kaingia bila ya kubisha hodi, kakaa kitandani, kaanza kunikanda miguu. Mama mkwe wangu! Nikataka kuinuka, akanizuia.

"Mahfoudha, nimekuja kukutaka radhi."

"Ya nini, Mama?"

"Ya yote. Siku ile nilikwambia pilau yako haina harufu, ilikuwa nayo. Na watoto wako wawili wa baada ya Yazeed walipoharibika nikasema ni kwa sababu unakwenda kazini. Lile lilikuwa neno baya, na miaka yote hii limenikaa hapa." Akajigusa kifua. "Nisamehe mwanangu, tusije tukaachana na kitu moyoni."

Nikalia. Ningefanya nini? Neno lile nimelibeba miaka ishirini na mitano nikiamini yeye kalisahau siku ileile aliyolisema. Nikambusu mkono, nikamwambia nimesamehe, na wallahi nimesamehe. Alipotoka nikabaki nawaza: labda ndiye anayeumwa, na anatuficha. Kweli amepungua. Lazima nimwambie Aflah ampeleke kwa daktari.

Jumatatu, 9 Julai

Naandika nimejinyoosha. Tulikwenda shambani kwenye kuchemsha tende za mabsili, zile zinazopikwa bado ngumu kisha zikaanikwa. Masufuria makubwa ya shaba, moto wa makuti, moshi, na wanawake na watoto wote wa mtaa wamekuja kuonja zikitoka jikoni, kama kila mwaka. Nilishika upawa nikoroge kidogo. Nakumbuka harufu, ile sukari inavyopanda na mvuke, na nakumbuka kujiambia sitoonja. Kilichofuata ni mbingu. Nilikuwa chini juu ya mikeka ya kuanikia, na Bi Ghaniya kapiga magoti pale kanishika kichwa, analia kwa sauti, "Yarabi, usinichukulie huyu! Usinichukulie huyu!"

Wakanibeba kwa pikapu mpaka kituo cha afya. Daktari ni Msudani, mtu mzima, mpole. Kapima sukari, damu, presha, moyo. Akaniuliza, "Unakula nini?" Nikamwambia. Akaniuliza tena, akidhani hakusikia. Ikabidi nimtolee karatasi, ninayo nakala mkobani.

Akaisoma mpaka chini, akaipindua kutazama nyuma, akarudi mbele.

"Kaandika nani hii?"

"Sijui, daktari."

"Wewe ulikuwa mwalimu, wameniambia. Mwanafunzi akikuletea jawabu bila ya kuonesha njia, unampa alama?"

Akaniambia damu yangu safi, sukari safi, hakuna kinachoniumiza ila njaa. Yai halijanifanya kitu, ndizi haijanifanya kitu, tende za mjini kwangu hazijanifanya kitu. Nikitaka kupungua nile kwa kiasi, nitembee alfajiri kabla ya jua, na hizo kilo zishuke kwa raha zao. "Na leo," kasema, "kabla hujalala, kula yai. Hiyo ndiyo dawa ninayokuandikia."

Na kweli kaliandika.

Yai sikula. Nilikula ndizi moja, jikoni, nimejificha nyuma ya mlango. Nilisema Bi Kuruthum akishakuja ndipo nitakula vizuri, zimebaki wiki chache tu. Kichwa changu kigumu, alhamdulillahi, ndiyo maumbile yangu.

Alhamisi, 12 Julai

Yazeed kaja kutoka Sur bila ya kupiga simu. Kakaa jikoni, kaweka funguo za gari mezani, kaniuliza, "Mama, unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Nizwa nzima inajua unaumwa. Bi Kuruthum kasema jambo lisimame kwanza. Wamemwambia una maradhi ya damu, yale ya kurithiana. Umeanguka shambani, huli chochote, una karatasi ya hospitali kwenye friji, watu wanakuja kukuombea. Mama, nambie mimi. Mimi si mtoto."

Alaa! Basi ndipo nilipoona yote kwa pamoja, mayai ya Mabruka, karoti, supu ya mbuzi, dua, ma tshufi sharr. Mtu wa Ibra akikataa tende katikati ya mavuno, watu watafikiri nini? Watajua anakufa!

Nikamtazama mwanangu. Kakonda. Mwaka mzima anampenda msichana mmoja, na mimi ndiye ninayemnyang'anya, kwa tango.

Nikamwambia habari ya kiti. Kwanza hakuelewa. Kisha akaanza kucheka, akacheka akalia, akaweka kichwa mezani. "Mama, kile kiti kilikuwa na gundi! Buthaina kaniambia. Mjomba wake alikivunja wiki ile ile. Bi Kuruthum kamgombeza binti yake usiku kucha kwa kumkalisha mgeni pale."

Ewe Mola wangu. Wiki sita!

Ijumaa, 13 Julai

Nimeitoa karatasi kwenye friji. Nimekaanga mayai mawili kwa samli, na kiini chake, kimebaki kulowalowa katikati, nikayala kwa mkate wa ufuta. Siwezi kueleza. Baada yake nikaifuta sahani kwa kidole.

Aflah nimemwambia kila kitu. Kavuta pumzi ndefu, kasema alikuwa halali, alikuwa akihesabu pumzi zangu. Mimi nilidhani amenuna kwa ajili ya wali. Nimeona haya. Halafu kauliza kama kiti kilivunjika miguu yote minne au mmoja, nikamfukuza jikoni.

Bi Ghaniya ndiye hasadiki. Nimemwambia, "Mama, siumwi, sijapata kuumwa." Kanishika shavu. "Ndiyo, mwanangu. Hata marehemu dada yangu alikuwa akisema hivyohivyo." Kaniona nakula mayai, kageuza uso, kasema kwa sauti ya kukatika, "Kula mwanangu, kula unachokitamani." Kila nikila anazidi kulia. Kamwita Aflah pembeni, kamwambia madaktari wamekata tamaa.

Jumatano, 18 Julai

Yazeed kapiga simu Nizwa, kampata Bi Kuruthum mwenyewe. Jibu lake: "Nitakuja Alhamisi ijayo nimtazame kwa macho yangu. Baada ya hapo nitasema ndiyo au nitasema hapana, na sitaki kuulizwa mara ya pili."

Jumamosi, 21 Julai

Natembea alfajiri kandokando ya falaji. Yai moja, ndizi moja, tende tatu, wali kwa kiasi. Sijaanguka popote.

Alhamisi, 26 Julai

Saa nne za usiku, na sitolala kabla sijaandika.

Walifika adhuhuri, Bi Kuruthum na binti yake mmoja. Wamepita njia ya Mudhaibi, gari imejaa vumbi. Nikampokea, "Shikamoo, Bi Kuruthum." "Marahaba." Tukakaa chini majlisi, mimi na Bi Ghaniya na wao wawili. Aflah na Yazeed chumba cha pili, mlango wazi kidogo, najua walikuwa wamebana masikio pale.

Nilipika kila kilichokatazwa na karatasi. Wali wa nazi. Nguru wa kupaka, kaletwa na Yazeed kutoka Sur. Muhogo. Ndizi mbivu za nazi. Mayai ya kuchemsha yamekatwa mawili mawili juu ya wali. Kabla hatujatia mkono nikatoa majibu ya daktari.

"Haya majibu ya damu yangu, Bi Kuruthum. Yote safi."

"Iondoe karatasi yako, bibi. Miye nimekuja kukutazama weye."

Basi nikala, na yeye akatazama. Kila tonge, macho yake yalilifuata kutoka sahanini mpaka kinywani. Sijapata kula hivyo, kama mtihani unaosimamiwa. Lakini wallahi ndizi zile zilikuwa tamu, na baada ya muda nikasahau kutazamwa, nikaongeza wali. Uso wa Bi Kuruthum ukalegea. Akaniuliza namna ninavyotia ndimu kwenye samaki. Nikasema moyoni, Yazeed mwanangu, limekwisha.

Ikaja kahawa, na tende za khalasi, laini, za juzi. Bi Kuruthum akachukua, binti yake akachukua, mimi nikachukua tatu nikazila mbele yake bila ya haraka. Sahani ikamfika Bi Ghaniya.

"Alhamdulillahi, nimeshiba."

"Tende haihitaji nafasi, bibi," Bi Kuruthum akamwambia. "Chukua."

"Ahsante. Siwezi."

"Moja tu, unipe heshima."

"Siwezi."

Bi Kuruthum akakiweka kikombe chini. "Nyumba hii tende ina nini? Kwanza alikataa mmoja, leo anakataa mwengine. Kama yapo maradhi, nambieni."

Na Bi Ghaniya, ambaye hajui kusema uongo mbele ya mgeni, akainamisha kichwa. "Mie si mgonjwa, bibi. Nimeweka nadhiri. Sitotia tende kinywani mpaka mke wa mwanangu apone."

Nikasikia kitu kimeanguka chumba cha pili. Nilimtazama mama mkwe wangu, na ndipo nilipoona kile ambacho nimekaa nacho nyumba moja nisikione: bangili yake, iliyokuwa haitoki bila ya sabuni, imeteremka mpaka karibu na kiwiko. Siku ile ya naghali aliposema meno yanamuuma, hayakuwa yakimuuma. Tangu siku ile hadi leo ni siku arubaini na moja. Naghali zimempita, khanezi zimempita, khalasi zimempita, mwanamke wa miaka sabini na nane anayesubiri mwaka mzima msimu huu.

"Kwa hiyo ni mgonjwa kweli," Bi Kuruthum akasema, polepole.

Ningeweza kusema kitu cha kupendeza. Nikasema ukweli. "Si mgonjwa, Bi Kuruthum. Mpumbavu tu." Nikamwambia yote, kiti, mkeka, wifi, karatasi, uongo niliomwambia Mama kwenye friji ili asinihoji. Binti yake akajifunika mtandio akitetemeka kwa kicheko. Bi Kuruthum hakucheka. Alimgeukia Bi Ghaniya.

"Mmekaa pamoja miaka mingapi?"

"Ishirini na nane."

"Mnapatana?"

"Hata siku moja," akajibu Bi Ghaniya.

"Na ukamwekea nadhiri."

"Ni mwanangu," Bi Ghaniya akasema, akashangaa kwamba anaulizwa.

Bi Kuruthum akajisogeza karibu yetu. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Mama yake Buthaina alipougua, wakweze walinirudishia mlangoni, na sanduku lake la nguo, na mtoto kifuani. Walisema nyumba yao haina nafasi ya mgonjwa. Niliposikia hapa kuna maradhi nikasema jambo lisimame. Mnadhani niliyaogopa maradhi. Miye nilitaka kujua mtu akiugua nyumba hii anafanywa nini." Akanishika mkono wangu mmoja na wa Bi Ghaniya mmoja, akaiweka pamoja juu ya goti lake. "Mtoto wangu nakupeni."

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka wenyewe, maana Yazeed alikuwa kauegemea. Aflah akamdaka. Mabruka, ambaye nadhani alikuwa ukutani tangu adhuhuri, akapiga kigelegele hukohuko kwake.

Mimi sikuangalia lolote. Nilichukua tende moja, nikaitoa kokwa, nikasogea mbele ya mama mkwe wangu.

"Nimepona, Mama. Fungua kinywa."

"Hujaugua, utaponaje?"

"Basi nadhiri haina pa kusimama. Fungua."

Akamtazama Bi Kuruthum, kama anayeomba fatwa, na Bi Kuruthum akatikisa kichwa kukubali. Akafungua. Kaitafuna macho kayafumba, taratibu, hana hata haraka, na machozi yanamtoka. Nikampa ya pili. Nikampa ya tatu. Kwenye ya nne akafumbua macho, akanifinya paja kwa nguvu zake zote.

"Siku arubaini na moja, Mahfoudha! Kwa kiti!"

Tukacheka sote, Bi Kuruthum kwanza.

Harusi baada ya Ramadhani, inshallah.

Ijumaa, 27 Julai

Leo Bi Ghaniya kaonja mchuzi wangu, kasema ndimu imezidi, samaki kaiva nje tu, na mwiko naushika vibaya. Nimembusu kichwani. Kaniuliza kama naumwa.